Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mafunzo ya Akili Unde na Ujumuishi kwa Asasi za Kiraia, Arusha

Yafuatayo ni maswali ambayo waombaji kutoka Arusha, Moshi, Babati na Karatu hutuuliza kwa simu kabla ya kujisajili. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Mengine ni mafupi kwa kuwa hayana la ziada.

Mafunzo haya yanahusu nini?

Ni mafunzo ya siku nne, yanayotolewa kwa Kiswahili jijini Arusha, kwa watumishi wa taasisi zinazohudumia umma bila kutafuta faida: asasi za kiraia, vituo vya msaada wa kisheria, redio za jamii, idara za huduma za mashirika ya dini, na vyama vya watu wenye ulemavu. Mshiriki hujifunza kupima iwapo mfumo wa akili unde (AI, yaani programu ya kompyuta iliyojifunza kutokana na data) unafaa kwa kazi ya taasisi yake, kulinda taarifa za watu anaowahudumia, na kuhakikisha kwamba wale ambao ofisi zimezoea kuwasahau hawasahauliwi tena, safari hii na mashine. Swali linalorudi tangu asubuhi ya kwanza hadi jioni ya mwisho ni moja: mashine ikikosea, ni nani atakayekwenda kwa yule mama aliyeathirika kumweleza kilichotokea, na jina lake nani? Taasisi ambayo haiwezi kumtaja mtu huyo bado haijawa tayari, hata kama ina kompyuta mpya na intaneti ya kasi.

Kwa nini mnasema "akili unde" na si "akili bandia"?

Akili unde, akili bandia na akili mnemba yote hutumika, wala hatumsahihishi mshiriki kwa neno alilolizoea. Sisi tumechagua "unde" kwa sababu limetokana na kuunda, na msikilizaji hukumbushwa kwamba kuna aliyeiunda, kwa data alizozichagua na kwa faida aliyoikusudia. "Bandia" humpeleka mtu kwenye noti bandia na dawa bandia, akadhani hatari pekee ni kudanganywa.

Shirika letu halitumii akili unde. Tuje kufanya nini?

Asubuhi ya kwanza tunagawa vikaratasi visivyo na majina na kumwomba kila mmoja aandike alichofanya kwa msaada wa mashine katika wiki iliyopita. Huwa tunasoma majibu kwa sauti, na mara nyingi mkurugenzi ndiye anayeshangaa kuliko wote. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde ya kuandikiana nayo, ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, matumizi yameingia maofisini kupitia simu za watumishi na si kupitia vikao vya bodi. Afisa miradi ametafsiri ripoti ya robo mwaka, mhasibu amepangiwa orodha ya posho, mwanasheria amefupishiwa maelezo ya mteja wa kesi ya ndoa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Ila hakuna pia aliyeulizwa, wala aliyepewa mwongozo, na hapo ndipo shirika linakuwa limeshaanza kutumia kabla ya kuamua.

Sababu ya pili ni kwamba watu mnaowahudumia wanapimwa na mashine za wengine tayari. Mama ntilie anayeomba mkopo kwa simu hujibiwa ndani ya dakika chache na mfumo uliopitia historia ya miamala yake, na anapokataliwa haambiwi kwa nini. Akija kwenu kuomba msaada, afisa asiyejua la kuuliza hawezi kumsaidia zaidi ya kumpa pole.

Sheria za Tanzania zinasema nini?

Msingi wetu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inayosimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wapo wanaodhani kwamba sheria hii ni ya mabenki na makampuni ya simu. Sivyo. Anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kusajiliwa na Tume, na asasi yenye watumishi wanne na kabati moja la mafaili hukusanya taarifa binafsi kila siku ya kazi.

Mambo matatu ya sheria hiyo hutuchukulia muda mrefu. La kwanza ni taarifa nyeti, zikiwamo za afya na za watoto, ambazo zimewekewa masharti makali zaidi. Na kwa asasi nyingi za kanda hii hizo ndizo karibu taarifa zote zilizomo kwenye mafaili yao.

La pili ni kusafirisha taarifa nje ya nchi. Afisa anaponakili orodha ya mabinti walio kwenye nyumba salama na kuibandika kwenye dirisha la mazungumzo ili mashine impangie jedwali, orodha hiyo kwa kawaida huenda kwenye kompyuta zilizo nje ya Tanzania. Hakuna aliyebeba flashi wala aliyepita Namanga, lakini taarifa zimevuka mpaka. Fomu ya ridhaa ambayo kila binti kati yao aliiwekea kidole gumba miaka miwili iliyopita ilisema kwamba taarifa zake zitatumika "kwa ajili ya mradi", na sisi hatuoni namna ambavyo maneno hayo yanaweza kunyooshwa hadi yafike huko. Katika mafunzo kila asasi huja na fomu yake ya ridhaa, tukaisoma sentensi kwa sentensi na kuiandika upya. Ni zoezi linalochosha, na ndilo ambalo washiriki hurudi nalo nyumbani.

La tatu ni uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Sheria inampa mhusika haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee uchakataji wa mashine tu. Maana yake, kama mfumo umemwondoa mtoto kwenye orodha ya ufadhili wa masomo, mzazi anayo haki ya kutaka mtu mwenye macho na akili timamu alitazame jalada hilo upya.

Sisi ni wakufunzi na si mawakili wenu. Pale jambo linapohitaji wakili, tutawaambia mtafute wakili.

Na nyaraka za kimataifa?

Tunazipitia kwa haraka. Nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo la Maadili ya Akili Unde mwezi Novemba 2021, na Umoja wa Afrika uliidhinisha mkakati wake wa bara mwezi Julai 2024. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili unde ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, na ingawa haizigusi moja kwa moja asasi nyingi za hapa kwetu, mfadhili kutoka Ulaya anaweza kuwaletea maswali yanayotokana nayo, na ni afadhali myakute maswali hayo darasani kuliko kwenye mkataba unaosubiri sahihi.

Mashine haina kabila wala ndugu. Upendeleo unatoka wapi?

Unatoka kwa watu, kupitia data. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha matokeo ya kupima mifumo mitatu ya kibiashara iliyokuwa ikitambua jinsia ya mtu kwa kutazama picha ya uso wake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, yalifika hadi asilimia 34.7. Nyuso kama za wengi wetu zilikuwa chache mno katika picha zilizotumika kuifunza na kuipima mifumo ya aina hiyo, na kwa kuwa waundaji walikuwa wakitazama wastani wa jumla, pengo lilijificha ndani ya wastani.

Mfano wa pili ni wa Uholanzi, na tunaurudia kwa sababu unafanana na kazi zenu. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilitumia mfumo wa kukadiria ni nani anaelekea kudanganya katika posho ya malezi ya watoto, na uraia wa mwombaji ulikuwa miongoni mwa vigezo. Maelfu ya familia walidaiwa kurudisha fedha ambazo nyingine walistahili, wengi wakafilisika, na serikali ikajiuzulu mwezi Januari 2021.

Sasa tuchukulie asasi ya wilayani Hai inayotaka mashine iisaidie kuchagua wanafunzi wa kufadhiliwa, ikaipa orodha za miaka kumi iliyopita ili ijifunze. Miaka yote hiyo waliofika ofisini kuchukua fomu walikuwa wale wanaokaa karibu na lami, kwa sababu wa tambarare za chini walihitaji nauli. Mashine haitajua habari za nauli. Itajifunza kwamba mtoto anayestahili ni yule wa karibu na lami, na itayasema hayo kwa tarakimu nzuri zenye nukta, ambazo kikao kitaona haya kuzipinga. Tunaamini kwamba hatari kubwa kuliko zote kwa asasi ndogo ni huko kuona haya.

Mashine inakielewa Kiswahili kwa kiasi gani? Na lugha zetu za nyumbani?

Kiswahili inakijua kwa kiasi cha kumshawishi msomaji, na kwa hiyo ni rahisi kupitiwa na makosa yake. Jaribuni sentensi hii: "Njoo kliniki kesho saa mbili asubuhi." Mfumo usiojua namna tunavyohesabu saa unaweza kumwandikia daktari wa kigeni kwamba mgonjwa ameambiwa aje usiku wa manane. Jaribuni pia "baba mdogo" kwenye maelezo ya kesi ya mirathi, mwone kama atatoka akiwa ndugu wa marehemu au akiwa mzee mfupi. Kisha andikeni "Yeye ni daktari" na "Yeye ni muuguzi", mtake tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili hakikusema nani ni mwanamume na nani ni mwanamke, lakini mara nyingi daktari hurudi akiwa mwanamume na muuguzi akiwa mwanamke, kwa sababu mashine imejaziwa mazoea ya maandishi ya watu wengine.

Kuna na jambo la gharama ambalo wengi hawalijui. Mifumo ya lugha hukata maandishi katika vipande vidogo kabla ya kuyashughulikia, na ukataji huo umejengwa zaidi juu ya maandishi ya Kiingereza. Neno moja kama "hatukuwaandikisha" hukatwakatwa vipande visivyo na maana, na kwa ujumla sentensi ya Kiswahili hutoa vipande vingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile. Pale huduma inapotozwa kwa hesabu ya vipande, anayeongea Kiswahili hulipa zaidi na kuhudumiwa vibaya zaidi.

Zipo juhudi za kurekebisha hali hiyo. Jumuiya ya watafiti wa Kiafrika iitwayo Masakhane inashughulikia lugha za bara hili, na mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu waliojitolea kusoma sentensi. Kwa Kimaasai, Kimeru na Kiiraqw hali ni duni zaidi, na kuhusu Kichaga hata swali lenyewe ni gumu, kwani msemaji wa Kimachame na wa Kirombo wanaweza kukaa meza moja Moshi mjini na kulazimika kurudi kwenye Kiswahili. Msimamo wetu ni huu: tafsiri ya mashine kwenda lugha ya nyumbani isitumike kwa jambo la afya, ardhi wala kesi mpaka msemaji wa lugha hiyo aisome na kuweka jina lake, na msemaji huyo alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote.

Kwa nini ujumuishi umeunganishwa humu? Si ungeweza kuwa na semina yake?

Kwa miaka mingi ulikuwa na semina yake, nao waliohudhuria walikuwa wale wasiohitaji kushawishiwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, kwa hiyo wajibu wenyewe haukuletwa na kompyuta. Kompyuta zimeongeza njia mpya za kuusahau. Asasi hutoa mwongozo kwa umma ukiwa karatasi iliyopigwa picha na kuhifadhiwa kama faili, na programu ya kusoma skrini anayoitegemea msomaji asiyeona hukaa kimya kwa sababu haioni herufi, inaona picha. Mfumo wa simu unaopokea malalamiko kwa sauti hushindwa kumfuata mwenye kigugumizi, halafu humhesabu kuwa amekata simu. Wapo pia wanaodhani kwamba mashine ya lugha ya alama iliyofunzwa Marekani itamfaa kiziwi wa Arusha, wakati Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha nyingine kabisa.

Papo hapo, teknolojia hiyohiyo ina manufaa ambayo hatutaki kuyabeza: msomaji asiyeona leo anaweza kuelezewa na simu yake kilichomo kwenye picha, na kiziwi anaweza kufuata kikao kwa maandishi yanayojitokeza watu wanapoongea, ingawa kwa Kiswahili maandishi hayo bado huyumba. Ndiyo maana kila darasa lina washiriki wenye ulemavu wanaopima mifumo pamoja na wengine, si wageni waalikwa wa kutoa ushuhuda wa nusu saa kisha wakapigiwa makofi.

Ukumbi uko ghorofa ya chini na una njia ya kiti mwendo. Mkalimani wa lugha ya alama hupatikana akiombwa wiki mbili kabla, na maandishi yote hutolewa kwa faili zinazosomeka na programu za kusoma skrini.

Nani atumwe kutoka kwenye asasi?

Watu wawili: mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana, na mmoja anayegusa taarifa kila siku. Tulipokuwa tukipokea mtu mmoja mmoja, tulikuwa tukiletewa "mtu wa kompyuta", naye alirudi ofisini akiwa na maarifa yote na bila uwezo wa kubadilisha lolote.

Ni lazima kujua kuandika programu?

Hapana. Anayeweza kutumia simu janja anatosha.

Siku nne hizo zinakwendaje?

Siku ya kwanza ni ya vikaratasi, sheria na fomu za ridhaa. Ya pili ni ya kuijaribu mifumo kwa sentensi na picha za kwetu, na kuandika inapokosea. Siku ya tatu hatuko darasani. Washiriki hugawanyika na kwenda kukaa na vikundi vya kuweka na kukopa vilivyo nje ya mji, upande wa Usa River, na kazi yao ni moja tu: kueleza mbele ya kikundi, bila neno hata moja la Kiingereza, mashine ingefanya nini na taarifa za wanakikundi, kisha kunyamaza na kuulizwa. Mtu ambaye jana yake alijibu kila swali darasani hujikuta akitafuta maneno mbele ya mwekahazina wa kikundi anayetumia simu ya kitochi na anayetaka kujua ni nani atakayefuta jina lake akijitoa. Tunadhani kwamba asiyeweza kumjibu mama huyo bado hajauelewa mfumo wake. Wanakikundi hulipwa kwa muda wao, kwa kuwa nao wamefundisha. Siku ya nne kila asasi huandika mwongozo wake wa kurasa mbili, ikitaja kwa cheo na jina nani anaidhinisha, nani anakagua na nani anapokea malalamiko.

Je, ni kosa kuandika andiko la mradi kwa msaada wa mashine?

Si kosa, ila aliyeweka sahihi ndiye mwenye kila neno. Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu ambazo ChatGPT ilizitunga na ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Nasi hatuko mbali na aibu hiyo: rasimu ya kitini chetu cha kwanza ilikuwa na kifungu cha sheria kisichokuwapo, kilichoingia kwa njia hiyohiyo, na tulikinasa usiku wa kuamkia mafunzo kwa sababu tu mwenzetu mmoja ana tabia ya kufungua sheria yenyewe. Tangu hapo kitini hakipigwi chapa mpaka kila kifungu kiguswe kwa kidole.

Mfadhili ametuletea mfumo uliokwisha kutengenezwa. Tunaweza kukataa?

Mnaweza kuuliza, na mara nyingi kuuliza hutosha. Ulizeni taarifa zitakaa wapi na nani anaweza kuzifuta, mfumo ulijaribiwa kwa lugha gani na kwa watu wa namna gani, na kama unaweza kuzimwa bila kusimamisha huduma. Kisha ulizeni jambo ambalo mara nyingi halimo kwenye karatasi za mradi: mtu asiye na simu janja, asiyesoma, anayekaa mwendo wa saa tatu kutoka barabarani, atalalamika vipi? Kama njia pekee ya kulalamika ni kupitia mfumo uleule unaolalamikiwa, basi njia hiyo haipo. Tumeona fomu ya malalamiko ikiwa sanduku la mbao kwenye ofisi ya kijiji, lenye funguo mbili kwa watu wawili, na ilifanya kazi vizuri kuliko programu iliyokuwa imetangazwa kwa mabango.

Ada, usafiri na cheti vikoje?

Ada hupangwa kwa kutazama bajeti ya mwaka ya asasi, na vyama vidogo vya watu wenye ulemavu havilipi. Wanaotoka Moshi ni mwendo wa takribani kilomita 80 na wengi hurudi nyumbani jioni. Kwa asasi zinazojikusanya na kufikia watu kumi na sita, tunakuja Moshi wenyewe. Cheti ni cha kuhudhuria. Hakithibitishi kwamba asasi imetimiza matakwa ya Sheria Na. 11, na tunaomba kisitumiwe hivyo kwenye maandiko ya miradi.

Na kama baada ya mafunzo tukaamua kutotumia akili unde kabisa?

Imetokea, nasi hatulihesabu kuwa ni kushindwa. Kituo kinachohudumia watoto waliofanyiwa ukatili kinaweza kuwa na sababu nzuri sana za kubaki na mafaili ya karatasi na kabati lenye kufuli. Tunachoomba ni uamuzi huo uandikwe pamoja na sababu zake na tarehe ya kuutazama tena, utiwe sahihi na mkurugenzi, na nakala apewe mtumishi yuleyule ambaye angeyaingiza majina kwenye mashine.